Saa Mbili za Mzee Rwekaza

Kutoka Entebbe hadi Nairobi, ndege za enzi zile ziliruka kwa muda gani? Siku ile sikujua, na aibu yangu, ambayo nikiikumbuka nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu, ni kwamba nilijifanya najua.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, Kampala, nimevuka mpaka pale Murongo na sanduku la vitabu na kichwa kikubwa kuliko sanduku, nikakuta nyumbani Karagwe wageni wamekuja kumposa mdogo wangu Koku. Koku alimpenda yule kijana (mimi nilimshuku, lakini nilimshuku kila mtu), na msemaji wao alikuwa baba mdogo wa kijana, Mzee Rwekaza wa Isingiro, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye kabla hata ya kutaja posa alisimulia jinsi alivyopanda ndege Entebbe akafika Nairobi kwa saa mbili.

Saa mbili? Mimi nilikuwa nimekwenda Nairobi kwa treni, tukalala njiani, basi nikachukua maili za reli nilizozikumbuka, nikazigawa kichwani kwa mwendo wa ndege kama nilivyousikia chuoni, nikapata saa tatu na nusu, nikajiambia mzee huyu mwongo, na anayedanganya kuhusu ndege atadanganya kuhusu kijana pia.

Hapo kikapu cha kahawa ya kutafuna kikaanza kuzunguka. Mzee Rwekaza akachota, akatafuna, akageuka kunigawia mimi, msomi wa nyumba. Sikunyoosha mkono. Nilitaka tu kuonyesha kwamba sidanganyiki, ila kwetu ukikataa kahawa kutoka kiganjani mwa mtu unakuwa umesema neno moja: sumu.

Watu wakaacha kutafuna. Mmoja akatema zake taratibu.

"Unamshuku nini mgeni wetu?" baba akaniuliza.

"Saa mbili hazitoshi, baba."

Hakuna aliyeelewa. Mzee Rwekaza akachukua fimbo yake, akawaambia wenzake waondoke, kwani ameshaitwa mchawi mbele ya watu. Nyuma ya pazia Koku akaanza kulia, na shangazi akaninong'oneza nipige magoti nizile kahawa zile sasa hivi, la sivyo Koku nitamwoa mwenyewe.

Nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikazitupa zote mdomoni kwa pupa, na moja ikapita njia isiyo yake. Nikakohoa, nikaanguka, macho yakanitoka. Wageni wakakimbilia migombani, na yule aliyetema akawa anawaambia wenzake kwamba yeye alijua mapema. Shangazi akanipiga mgongoni, punje ikaruka ikatua kwenye kanzu ya Mzee Rwekaza, ambaye peke yake hakukimbia. Aliitazama, akaketi, akavuta kikapu, akatafuna punje moja moja mpaka zikaisha, huku wenzake wakimchungulia.

"Rudini," akasema. "Hapa hakuna sumu. Kuna shule tu."

Koku akaolewa, nami nikaapa kutomhukumu tena mtu kwa hesabu ya kichwani. Miaka mingi baadaye nilipanda ndege ya mapangaboi Entebbe, jicho kwenye saa, tukatua Nairobi kwa saa mbili na dakika chache: reli huzunguka milima, ndege hunyoosha. Nikaenda Isingiro kumwomba Mzee Rwekaza radhi, nikakuta ameshafariki. Mjane wake alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akafuta machozi. Mumewe hakuwahi kupanda ndege. Nairobi alikwenda na kurudi kwa treni, na zile saa mbili alizisikia kwa abiria aliyeketi naye.