Beseni Jeupe la Wifi

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena, wifi yangu hakutaka kitenge wala sabuni ya kunukia. Alitaka mabeseni. Manne ya plastiki, kila moja na rangi yake: la nguo za kuanzia kiunoni kushuka chini, la blauzi, la nguo za mtoto, na jeupe la vyombo. Ole wako uyachanganye.

Kaka alimwoa alipokuwa masomoni Ulaya Mashariki, na sisi tulimwita mzungu tu. Kumbe ni Mroma, wale ambao majirani zao huko huwaita Jipsi huku wakikumbatia mikoba yao. Aliniambia mimi peke yangu. Aliogopa mama akijua kwamba hata kwao hatakiwi, na yeye atamkataa.

Basi alipojifungua, mama akashuka kutoka kijijini Nkoaranga na mkungu wake wa ndizi kuja Themi mjini, tulikoishi kwa kaka, kumlea mzazi. Mama yangu ni mwema, lakini akinuna amenuna. Kuna shangazi hawajasalimiana naye tangu mimi niko shule ya msingi. Na kwetu bibi ndiye anayempa mjukuu jina, na la huyu alikuwa bado hajalitamka. Akiondoka na hasira, mtoto angebaki hana jina, na wifi angebaki mgeni maisha yake yote.

Mwanzo mambo yalienda vizuri. Mama alifurahi kusikia kwamba na kwa kina wifi mzazi hapiki. "Kumbe wana akili!" akasema, akakoroga mtori. Habari ya mabeseni nilimweleza, nikarudia. Akaniitikia "haya, haya" ile ya mtu asiyesikiliza. Sikupata usingizi mzuri tena.

Asubuhi moja narudi sokoni, namkuta mama uani amekunja mikono ya gauni, anafua nepi na kuimba wimbo wa kanisani. Ndani ya beseni jeupe. Mungu wangu! Na pembeni, sahani alizoziosha humo humo zimepangwa zinang'aa.

Kabla sijafungua mdomo, wifi akatokea mlangoni. Akabeba sahani zote akaenda kuzitupa kwenye shimo la taka. Kikombe alichonywea mama chai kilikuwa juu ya sahani hizo, nacho kikaenda.

Mama akasimama, povu likimdondoka mikononi.

"Mimi ni uchafu?" Aliniuliza mimi, si yeye. "Nimewalea ninyi wote, leo mimi ni uchafu?"

Akaingia ndani kufunga mzigo. Nikamfuata nikimsihi, nalia kama mtoto.

"Niache! Mkataa pema, pabaya panamwita."

Alipotoka na kifurushi chake, wifi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto.

"Mama, shikamoo," akaanza, maana kila kitu alikianza na shikamoo. "Si wewe. Ni sisi. Shuleni walisema sisi wachafu. Kopo letu la maji lilikuwa nje, peke yake, kwenye msumari. Nyumbani bibi yangu anaosha, anaosha, anatenga. Mimi nikiacha, basi walisema kweli."

Nikafumba macho. Imekwisha, nikajua, sasa ameshajisema mwenyewe.

"Kwenye msumari?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Mama akaweka kifurushi chini, akakaa kizingitini.

"Kwa yule mzungu wa shamba la kahawa, mama yangu alikofanya kibarua," akasema polepole, "kopo letu na sisi lilikuwa nje. Mama yangu alininywesha humo. Na mbwa wake alinywea humo humo."

Akanyoosha mikono, akaipangusa kwanza kwenye kanga, akampokea mtoto. Akamwita kwa jina la marehemu mama yake, mara mbili, sikioni. Wifi akaangua kilio.

"Na wewe umesimama nini?" mama akanigeukia mimi. "Rudi sokoni kalete beseni jingine jeupe. Na nimwone mtu anaweka nepi humo, atanitambua."