Maji Mara Saba kwa Ajili ya Jimi

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua hunirudisha kijijini kwetu Chiola, hata ninapoisikia kwenye baraza ya nyumba ya matofali niliyoijenga kwa mshahara wangu mwenyewe. Sioni haya kujisifu. Mimi ndiye binti wa kwanza kijijini hapo kupata stashahada ya ualimu, na niliporudi nyumbani watu walitoka nje kuyahesabu masanduku yangu. Ila kuna kisa kimoja nilichokisimulia vibaya miaka mingi, nami leo nakinyoosha.

Wazungu wa mashamba ya karanga ya Nachingwea walipokuwa wakifunga mizigo, mjomba wangu, aliyekuwa dobi wao, alituletea mbwa. Jina lake Jimi, mzee, mdomo umekwisha kuwa mweupe. Bwana wake alikuwa amepanda ndege akamwacha mlangoni. Alipofika shambani kwetu aliingia chini ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, akajikunyata asitoke.

“Shemeji, umeleta mbwa au mkeka?” baba aliuliza.

“Mbwa wa Mzungu huyu. Nyani wakimwona watahama.”

“Wakimwona watamcheka.”

Mbwa wa kulinda shamba dini yetu ya Kiislamu haimkatazi. Tatizo lilikuwa maji. Mate yake yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, na kiangazi kile maji tuliyafuata bondeni, mbali. Kwa kuwa kwetu Wamwera neno la mjomba ni zito, baba hakukataa, aliweka sharti. Tone moja la mtungi wa nyumbani likitumika kuoshea mate ya mbwa, kesho yake mbwa anapelekwa porini. Na porini kulikuwa na chui.

Nilikuwa na miaka tisa, mlinzi wa mihogo. Nikachukua kibuyu changu kidogo, nikakijaza bondeni kwa miguu yangu mwenyewe, nikakitundika kwenye dungu.

Nyani hufukuzwa kwa kupiga debe. Lakini kila nilipolipiga, Jimi alijikojolea. Jirani alinishauri nimpigie sikioni azoee. Mimi nikaliweka debe chini, nikawa nafukuza nyani kwa mawe na sauti, mpaka ikanikauka. Siku ya sita kitu chenye unyevu kiligusa kiganja changu. Alikuwa ameninyooshea ulimi, macho ameyaelekeza kwingine, kama mtu anayeiba.

Bibi, mzaa mama, aliyeshinda nami shambani akisuka ukili, alirudi nyuma hatua tatu, akaanza kuhesabu nikiosha mkono.

“Nne. Tano. Hiyo uliyorusha hewani siihesabu. Tano!”

Tangu hapo Jimi alinilamba asubuhi, mchana na jioni, nami nikaosha kila mara, nikijisugua kwa udongo huku bibi akinisimamia kama karani.

Kisha siku moja nyani dume alishuka katikati ya mihogo, baba akiwa kwenye tuta la pili. Jimi alitoka chini ya dungu akitetemeka miguu yote minne, akabweka kwa sauti ya mzee mwenye kikohozi. Dume lilimtazama, likaacha muhogo, likaondoka.

“Kumbe mkeka una meno,” alisema baba. Sharti la porini halikutajwa tena.

Niliwaambia wanafunzi wangu, mwaka baada ya mwaka, jinsi nilivyomwokoa mbwa kwa kibuyu kimoja. Hadi siku nilipokuwa nikifundisha vipimo darasani, nikamimina maji kwenye chupa mbele ya watoto, nikajikuta napiga hesabu ya kibuyu. Kibuyu kile kisingetosha kuosha mkono mara saba hata kwa siku moja. Mimi nilikwenda bondeni Ijumaa kwa Ijumaa, na hakikuwahi kuisha.

Bibi ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya adhana, akishika njia ya bondeni. Nilidhani anakwenda kuokota kuni. Alimwogopa Jimi tangu siku ya kwanza mpaka mbwa yule alipokufa kwa uzee, na hakumgusa hata mara moja.