Viatu Vyeupe Bustanini

Katika miaka ya tisini, kikundi chetu cha kina mama wakulima wa chai wa Itumbe kilitembelea bustani ya mimea huko Baringo ili tuone jinsi watu wa nchi kame wanavyotunza miti. Tulitoka nyumbani mvua ikinyesha, na viatu vyangu vyeupe vilifika vikiwa vimejaa matope.

Mlangoni palikuwa na ndoo mbili za maji. Wenzangu walikuwa bado nyuma, nami sikumwuliza mtu. Niliosha viatu kwa maji ya ndoo moja mpaka vikang'aa, kisha nikamwaga chini yaliyosalia, kama nilivyozoea kwetu.

Nilipoinua macho, mzee mtunza bustani alikuwa akitazama pale maji yalipozama mchangani.

"Mama," akasema kwa upole, "hayo yalikuwa ya miche. Punda ameyaleta kutoka mtoni asubuhi."

"Pole sana, mzee. Sikujua."

"Si neno. Wewe ni mgeni."

Afadhali angenigombeza. Alitutembeza bustani nzima akitueleza habari za mishubiri na migunga. Tulipofika kwenye miche, alichota kikombe kimoja kwa kila mche kutoka ile ndoo ya pili. Maji yaliisha kabla ya safu ya mwisho.

"Na hii je?" mwenyekiti wetu akauliza.

"Hii itangoja kesho," mzee akajibu, bila kunitazama.

Wenzangu walimshukuru kwa makofi. Mimi nilijificha nyuma yao, na mpaka leo sijawaambia kwa nini safu ile ilikosa maji.