Wito wa Mama Kwenye Kompyuta ya Tabitha

Wenzangu mliokulia Ikungi enzi zile za kwenda shule peku, mtanishuhudia: hapakuwa na mtoto wa kuitwa mara mbili. Nayasema haya kwa sababu nimeona jambo nyumbani kwangu, na mpaka sasa sijatulia.

Sisi mchana kutwa tulikuwa kwenye yale mawe makubwa, tunakalia matawi na kuteleza hadi chini, mpaka sketi za shule zinatoboka makalioni. Tukitoka hapo tumejaa vumbi hadi kwenye kope, mifukoni mna mbegu za alizeti tulizodokoa kwenye mashamba ya watu. Jua likianza kuzama, mama yangu alisimama nyuma ya zizi na kupaza sauti kwa Kinyaturu: rudini nyumbani, giza linaingia. Sauti ilivuka mtama wote ikatufikia, bila vocha wala mtandao kusumbua. Mchezo uliishia hapo hapo. Aliyekuwa juu ya jiwe alishuka, aliyekuwa anashinda alisahau ushindi wake, maana nyumbani kulikuwa na ugali wa mtama na mlenda, na mlenda haukumsubiri mtu. Baba alikuwa na neno lake: "Anayengoja kuitwa tena, huyo ni mgeni hapa."

Leo unampigia mtoto simu, anakuandikia "nakuja" akiwa amejifunika blanketi chumba cha pili, masikio kayaziba kwa hedifoni. Unaivisha, unapakua, chakula kinapoa, yeye bado anakuja.

Tabitha ni kitinda mimba wangu, anafanya kazi za kompyuta Dar es Salaam. Baba yake ni Mnyiramba wa Kinampanda, kwa hiyo nyumbani tulikutana kwenye Kiswahili, na watoto wakakosa Kinyaturu na Kinyiramba vyote viwili. Bibi yake, yaani mama yangu, alimpenda kupita kiasi. Kila Jumapili walipigiana simu. Kuja kumwona ndiko kulikoshindikana, kazi zilimbana mwaka hadi mwaka, mpaka akaja kumzika.

Juzi amekuja likizo. Asubuhi nikampelekea chai na viazi vitamu mezani, nikakuta kioo cha kompyuta kimekuwa cheusi, kimejaa mistari ya maandishi. Nilikuwa nashangaa tu mtu anavyoweza kusoma vitu vile, mara macho yakatua mwanzoni mwa mstari mmoja. Yalikuwa maneno ya mama yangu ya kutuita jioni, kwa Kinyaturu, yameandikwa kwa kubahatisha lakini ni yale yale. Nikatazama mstari wa chini yake, yapo. Wa chini zaidi, yapo. Chai ilinimwagikia mkononi wala sikuisikia.

"Nani kakuandikia hayo?" nikamuuliza.

Akacheka. Akanieleza kwamba kompyuta ikiwa tayari kupokea amri huonyesha alama fupi mwanzoni mwa mstari, halafu inakusubiri uandike. Kuna kiprogramu kidogo cha kuibadili alama hiyo, uweke rangi na maneno unayoyapenda.

"Wenzangu kazini wanaweka saa, wengine majina yao. Mimi nimemweka bibi. Si ndivyo alivyokuwa ananiaga kwenye simu?"

"Kukuaga?"

"Ndiyo, mama. Kila tukimaliza kuongea. Na mimi namwambia, asante bibi, na wewe pia."

Nikavuta kiti, nikakaa. Mama alikuwa ananiambia kwamba mjukuu wake anamjibu vizuri mno. Ndiyo maana alikuwa na jogoo wake mwekundu aliyekataa kumuuza kwa mtu yeyote, anasema ni wa Tabitha, yuko njiani. Tukadhani ni uzee. Kumbe alikuwa anamwita, na anayeitwa anashukuru.

"Kwani maana yake nini?" Tabitha akauliza.

Nilitamani kunyamaza, abaki na kwaheri yake. Ningemwonea huruma siku moja na kumdanganya maisha yote. Nikamwambia: rudini nyumbani, giza linaingia. Aliondoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka mapajani.

"Nyinyi mlikuwa mnamjibu nini?" akaniuliza.

"Hatukumjibu, mwanangu. Tulikuwa tunakimbia nyumbani."

Enzi zetu sauti ya mama ilivuka shamba la mtama tu, na jioni hakukosekana mtoto hata mmoja. Siku hizi imefika Dar es Salaam, imewekwa rangi ya kijani, imekaa mbele ya macho ya mjukuu wake kutwa nzima, na hakuna aliyerudi.