Bolti ya Mlango wa Tambwe

Kadija binti Tariki ana mkono mwembamba kuliko wanawake wote wa mtaa wetu wa Kimanga, na mkono huo ndio uliomlisha. Baba yake alikuwa fundi bati. Magari ya zamani yana tabia mbaya: nati zake nyingi zimefichwa ndani ya bati, mahali jicho halifiki, na zikishaliwa na kutu huzunguka pamoja na bolti bila kuachia. Mzee Tariki alikuwa na mkono mnene kama mchi. Basi binti alipakwa sabuni mpaka kiwikoni, akaambiwa auingize mkono na afumbe macho. Hadi leo ndivyo anavyofanya. Anapitisha waya kwenye tundu, anaivika nati mpya kwenye waya, anaivuta mpaka ikae mahali pake, kisha anaishikilia kwa kidole huku mkono wa pili ukikaza bolti kutoka upande wa nje. Wanaume wanaomcheka huacha kucheka magari yao yakikwama.

Mimi nakaanga maandazi ng'ambo ya njia, mkabala na garaji yake. Nimeona mengi.

Mume wake, Tambwe, alikuwa dereva wa gari kuukuu la mizigo, Pejo la mzee Havyarimana, mkulima wa Lubarika, akileta mpunga mjini. Mwaka ule mto Mulongwe ulipovunja kingo na kubeba nyumba za watu, Pejo lilikutwa miguu juu ndani ya matope karibu na ziwa. Kioo cha mbele kilikuwa kimevunjika, na Tambwe hakukutwa popote. Wiki hazikupita nyingi, jirani yetu Bibiche akaleta habari zake.

"Bwana yako alionekanaka Gatumba, na bibi mwingine," alimwambia Kadija mbele yetu sote. "Aliachaka gari mbele ya maji kufika."

Lisemwalo lipo, akaongeza, na mtaa ukaitikia. Huyo Bibiche angeweza kumwona hata marehemu nyanya yangu Gatumba, akinunua vitunguu! Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Kadija akabaki hajui kama yeye ni mjane au mwanamke aliyeachwa. Hakukaa eda. Hitima haikusomwa. Utamwombeaje rehema mtu ambaye pengine anakula samaki wa mukeke na mwanamke mwingine ng'ambo ya mpaka? Akamlilia, akamchukia, akamlilia tena, na mwisho chuki ikashinda.

Mwaka huu Havyarimana alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama Kadija, ile Pejo ni ya marehemu baba. Minataka itembee tena. Mulango inakatala, bafundi bote banashindwa."

Alisema akitazama chini, maana alijua anachokiomba. Sisi tulimwambia Kadija akatae. Yeye akajibu, "Ulete."

Nami nikajua kwa nini. Pejo lile lilikuwa na mlango mmoja tu unaofunguka. Wa pili ulichomelewa zamani. Kitasa kilipokufa, Kadija mwenyewe aliificha nati ndani ya nguzo ya mlango, na Tambwe akawa anajifungia kwa bolti yenye masikio, akiikaza kwa vidole kutoka ndani. Akishuka, anaichomoa na kuitia mfukoni, sababu watoto huiba, kisha anaufunga mlango kwa kamba. Bolti ikiwa mahali pake, dereva yumo. Nati ikiwa tupu, dereva ameshuka na kwenda zake. Miaka yote Kadija hakuthubutu kwenda kulitazama gari lile kule Rugenge lilikowekwa. Aliogopa nati tupu.

Gari lilipofika, kibanda cha dereva kilikuwa kimejaa matope makavu mpaka usukani, na harufu ya mto haijatoka. Mlango umebonyea, huoni bolti wala tundu. Mchana ule upepo wa ziwa ulivuma, na ndani ya bati kitu kikagonga: ko, ko.

"Karibu," Kadija alisema.

Ilimtoka bila kufikiri. Tambwe hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikuwa akifika anagonga bati la gari mara mbili, na mke anaitikia kutoka ndani. Mafuta yangu yaliungua na sikujali.

Akapaka sabuni, akapiga magoti, akauingiza mkono kwenye tundu la chini ya nguzo. Akafumba macho. Kwanza alitoa matope. Kisha akatoa jiwe dogo la mtoni, la mviringo, akaliweka chini. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kumbe ni hilo lililokuwa likigonga. Akauingiza mkono tena, akapanda juu, mpaka shavu lake likalala kwenye bati. Vidole vyake vikapapasa ndani.

"Iko," alisema. "Bolti iko. Imekazwa mupaka mwisho."

Nikavuka njia mbio.

"Alikuwaka mu gari," akaniambia, mkono bado ndani. "Hakunikimbia. Miye nilimulaani, naye alikuwaka mu gari!"

Nilimshika mabega. Basi mto ndio uliomtoa humo, kupitia kioo kilichovunjika. Kilio chake kilikuwa na furaha ndani yake, na furaha ile ndiyo iliyonitisha.

Lakini gari la mteja ni gari la mteja. Aliikata bolti kwa msumeno wa chuma, akaitoa nati iliyooza, akapitisha waya, akaivuta nyingine mpya. Mlango ulifunguka na matope yakamwagika miguuni petu. Kichwa cha bolti kilikuwa kimezungushiwa kipande cha kitenge, kisipige kelele njiani. Kitenge cha Kadija, chenye maua ya njano. Aliiosha bolti kwa petroli, halafu kwa maji, mara tatu, polepole, akianzia upande wa kuume. Sisemi aliiosha kama maiti. Shehe angenigombeza.

Havyarimana alipokuja kuchukua gari, aliiona bolti juu ya kitambaa cheupe, akaivulia kofia. "Iyo ni yako, Mama," alisema, akaondoka.

Jioni Kadija akafunga garaji na kututumia habari sisi wanawake, kwamba anaanza eda. Bibiche, kwa ulimi wake uleule, akauliza mlangoni:

"Eda gani tena, Kadija? Miaka yote imepita!"

Kadija alikuwa amekwisha vaa nyeupe. Hakupandisha sauti.

"Iyo miaka yote nilikuwaka bibi ya kuachwa. Ni weye ulinipatiaka iyo jina. Bwana yangu amekufa leo."