Keki ya Kimera Kabla ya Sabato

Jumanne ile Nyanchoka alianika kimera chake juu ya gunia nyuma ya nyumba, mahali ambapo jua la Migori hupiga tangu saa nne mpaka jioni. Alikianika waziwazi, maana hakuwa na jambo la kuficha. Kimera ni mbegu za wimbi zilizoloweshwa, zikaachwa ziote, kisha zikakaushwa na kusagwa, na kuanzia Kisii hadi Isebania kila mtu anajua kazi yake ni moja tu: pombe ya busaa. Nyanchoka naye alilijua hilo tangu utotoni. Lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimejaa mambo mengine, na la kwanza lilikuwa mtu aliyekuwa akimwita kutoka ndani.

"Mama Beverlyne! Mama Beverlyne, uko wapi?"

"Niko hapa nyuma, Baba Beverlyne."

"Unafanya nini huko muda wote huo?"

Muda wote huo ulikuwa dakika tano. Mumewe, Maranga, alikuwa fundi wa mawe, mtu wa nguvu zake, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Sasa ilikuwa miaka mitatu. Magongo aliyopewa hospitalini yalisimama pembeni mwa kabati na hakuyagusa. Alikaa kitandani na kuita. Akiwa na kiu aliita, akisikia pikipiki imesimama barabarani aliita, na asipokuwa na haja ya kitu chochote aliita vilevile, apate kujua kama mkewe yupo.

Nyanchoka zamani alikuwa na kibanda cha mitumba karibu na stendi. Kilikwisha kuchukuliwa na wengine. Siku zake zilizunguka kati ya jiko, kamba ya nguo, choo na kitanda kile. Sabato, siku ya Jumamosi, alikwenda kanisani, lakini hata huko alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, simu mkononi, kwa sababu hubiri halikuwahi kufika katikati kabla Maranga hajapiga. Kuna siku alisimama langoni akashika komeo, akajiuliza angehisi vipi akiendelea kutembea tu. Alimwomba Mungu msamaha kwa wazo hilo. Kesho yake lilirudi.

Ndipo mwezi ule mlango ulipofunguka kidogo. Makanisa ya mtaa wao yalikuwa yanakwenda makambi ya maombi Sindo, juma zima kando ya ziwa, na mama Liz, mkuu wa mashemasi wa kike, alimteua Nyanchoka awapikie wenye sukari. Mwaka uliopita wazee wawili walikula mandazi kwa siri nyuma ya hema, mmoja akaanguka katikati ya maombi. Safari hii walitaka wagonjwa wawe na meza yao, na baada ya chakula wapate kitu kitamu kisicho na madhara, wasitazame sahani za wenzao kwa uchungu. Priscilla, dada yake Maranga anayewapikia wachimba dhahabu kule Macalder, alikubali kufunga hoteli yake juma moja aje akae na kaka yake. Gari lingeondoka Jumapili asubuhi. Nyanchoka alilala akiwaza upepo wa ziwa.

Hicho kitu kitamu alikuwa ameshakigundua kwa ajili ya Maranga mwenyewe. Alikuta sukari ndani ya foronya yake, imefungwa kwa gazeti. Jirani yao Monicah alikuwa amemwonea huruma akampitishia dirishani. Nyanchoka hakumfokea mumewe. Alikaa jikoni akafikiri, akamkumbuka mama yake mzazi, aliyekuwa akipika busaa kule Nyamarambe kabla watoto wake hawajaokoka. Kabla pombe haijachacha, mama alikuwa akichanganya kimera na unga wa wimbi katika maji ya uvuguvugu, na kwa muda mfupi, kabla ya uchungu kuingia, ule uji ulikuwa mtamu ajabu. Watoto waliulamba kwenye mwiko.

Basi alijaribu. Unga wa wimbi, kijiko kimoja cha kimera, ndizi mbivu zilizoanza kuwa na madoa, embe, yai, na njugu zilizotwangwa. Mchanganyiko huo aliuoka ndani ya sufuria iliyokalishwa juu ya mchanga ndani ya sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Alimpelekea nesi wa kliniki aonje, na nesi akamwambia, "Tunda si adui, mama. Adui ni sukari ya kijiko na kula bila kipimo. Hata hicho kimera kina utamu wake, usikizidishe. Mkatie kipande kidogo, na siku hiyo umpunguzie ugali." Nyanchoka alifanya hivyo, akampima Maranga kwa kale kamashine ka kutoboa kidole, na namba haikuruka. Alimshukuru Mungu akiwa amepiga magoti kando ya jiko.

Sasa, Jumatano, Monicah alichungulia juu ya ua. Monicah ni mwuza omena, dagaa wa ziwani, mama wa Kijaluo mwenye sauti ya kusikika sokoni mpaka stendi.

"Yawa, Nyanchoka!" alipaza. "Hiyo busaa ikiiva usininyime kikombe! Mimi nitaleta mrija wangu!"

"Wewe Monicah, nenda zako," Nyanchoka akacheka. "Njoo na wateja kabisa."

Alipogeuka, mama Liz alikuwa amesimama langoni na Biblia kwapani. Alikuwa amekuja kuzungumza mambo ya sufuria za makambi. Aliangalia gunia, akamwangalia Nyanchoka, akasema ana haraka, akaondoka.

Nyanchoka alibaki ameshika ufagio. Hapo ndipo alipokiona kimera kwa macho ya mtu mwingine.

Ijumaa, saa kumi na moja kasorobo, nyumba ikiwa imefagiliwa kwa maandalio ya Sabato, waliingia wawili: mama Liz na Nicodemus, mzee wa kanisa, mtu mpole anayevua kofia hata mbele ya watoto. Waliketi karibu na kitanda cha Maranga, maana nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na mgonjwa alilala hapo sebuleni.

"Dada Nyanchoka," Nicodemus alianza, "tumekuja kwa upendo. Kuna neno limefika kwetu."

"Nimeona kwa macho yangu," mama Liz akasema. "Na nikasikia kwa masikio yangu akiitisha wateja."

"Mama Liz, huo ulikuwa mzaha. Kimera ni cha keki. Ile keki ya wenye sukari."

"Keki ya kimera?" Mama Liz alimgeukia Nicodemus. "Mzee, mimi nina miaka hamsini na saba. Umewahi kusikia keki ya kimera?"

Nicodemus alikuna kidevu. Alisema mtu aliye chini ya lawama hawezi kusimama jikoni mwa makambi, na kwamba baraza la kanisa lingekaa baada ya makambi. Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Lakini wewe Mzee Maranga unalala hapa mchana na usiku. Wewe ndiwe shahidi. Huyu mama anapika pombe?"

Nyanchoka alishusha pumzi. Shukrani kwa Bwana, alifikiri, limekwisha. Maranga alikuwa amekula keki ile mara sita. Alikuwa ameilamba mpaka sahani ikang'aa.

Maranga alitazama ukuta. "Mimi nalala tu," alisema. "Mambo ya huko nyuma, mimi nitajuaje?"

Nyanchoka alimwangalia mumewe, naye hakugeuza uso kutoka ukutani. Alihisi kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba, naye aliyemfungia amekaa humo humo, funguo mkononi. Alitaka kulia. Badala yake aliangalia nje, akaona kivuli cha ua kimefika nusu ya uwanja.

"Mzee Nicodemus," alisema, "Sabato itaingia saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nipe muda huo. Nitaipika mbele yenu, kuanzia unga mpaka kisu. Jua likizama haijaiva, nitazima moto na nitabaki nyumbani, sitasema kitu."

"Ni kazi ya saa nzima na zaidi," mama Liz akasema.

"Basi tusichelewe."

Wakatoka, wageni wakakaa kwenye viti vya plastiki karibu na jiko. Nyanchoka alifunga leso kiunoni. Alichanganya unga na kimera katika maji ya uvuguvugu, akafunika, akawasha makaa, akaponda ndizi kwa uma. Kisha akafunua bakuli na kumpa mama Liz kijiko.

"Onja sasa, kabla sijatia tunda."

Mama Liz aliliangalia bakuli kama lingemuuma. Akaonja kwa ncha ya ulimi. "Umetia sukari."

"Umekaa hapa. Umeniona nikitia sukari?"

"Asali basi."

"Iko wapi hiyo asali, mama?"

Mama Liz akaonja tena, safari hii kijiko kizima, akakilamba. Monicah, aliyekuwa ameshachungulia juu ya ua zamani, alisema, "Mzee wa kanisa, haki huyu hata soda hanywi. Mimi nilikuwa nachokoza tu. Mdomo wangu huu utaniua siku moja."

"Uuombee," Nicodemus akasema.

Sufuria iliwekwa juu ya mchanga saa kumi na moja na nusu. Baadaye Nicodemus mwenyewe aliinuka akapepea makaa kwa kofia yake, maana yalikuwa yanafifia. Kutoka ndani Maranga aliita mara moja, mara mbili. Nyanchoka hakwenda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kuacha ule mwito upite juu ya kichwa chake. Harufu ya ndizi na wimbi ilianza kutoka pembeni mwa mfuniko. Jua lilishuka nyuma ya mabati ya jirani. Saa kumi na mbili kamili alichoma katikati kwa kijiti cha ufagio, kikatoka na unga mbichi. Akafunika tena. Hakuomba kwa maneno, alisema tu "Bwana" na kupepea, "Bwana" na kupepea.

Zilipobaki dakika kama ishirini alichoma tena. Kijiti kikatoka kikavu.

Waliikata ikiwa bado moto. Ilikuwa nyeusi-nyekundu kama udongo wa shamba jipya, laini, na vipande vya embe viking'aa ndani. Nicodemus alikula kwa utaratibu, akafumba macho. "Mke wangu ana sukari," alisema polepole. "Mwaka wa nne huu hajala kitu kitamu nikamwona anacheka." Akaomba kipande cha kumpelekea.

"Ni nzuri," mama Liz akakubali. "Nilikosea, dada, unisamehe. Lakini neno kimera likisikika makambini tutakwaza watu."

"Nitaoka bila kimera. Nitaongeza ndizi tu. Utamu utapungua kidogo, lakini utatosha."

"Basi limekwisha," alisema mama Liz.

Nicodemus alitikisa kichwa. "Halijakwisha. Mume wake alisema hajui, na siwezi kumbeba mama wa watu mpaka Sindo na neno la mumewe limelala hapo sakafuni."

Wakarudi ndani. Nyanchoka alimkatia Maranga kipande cha kipimo chake, akakiweka kwenye sahani, lakini hakumpa. Alisimama nacho.

"Baba Beverlyne, waambie ukweli."

Maranga aliangalia ile sahani, kisha mikono iliyoishika. Uso wake mkubwa ulilegea.

"Hapiki pombe," alisema. "Tangu abatizwe hata chachu hajagusa hapa. Hiyo ni keki yangu. Nimeila." Akameza mate. "Nicodemus, hebu niambie wewe. Huyu mtu akienda huko ziwani juma zima, akapumua, akalala usingizi bila kuitwa, atarudi hapa kufanya nini?"

Mzee wa kanisa alishika kofia yake kwa mikono miwili. Mama Liz aliangalia miguu yake. Wote wawili walimgeukia Nyanchoka, wakingoja aseme lile neno ambalo mke mwema husema, kwamba ni nani amesema hatarudi, na kwamba atahesabu siku.

Nyanchoka alilitafuta neno hilo. Hakulipata, na hakutaka kusema uongo Sabato ikiwa mlangoni.

"Sijui nitarudi na moyo gani," alisema kwa upole. "Lakini gari la Jumapili nitapanda."

Akampa mumewe sahani. Nicodemus aliomba kwa kifupi, akawatakia Sabato njema, wakaondoka yeye na mama Liz wakiwa wamebeba kipande kilichofungwa kwa jani la mgomba.

Dirishani mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Kufunga mzigo ni kazi isiyofanywa Sabato, na Priscilla angefika kesho jioni na maneno yake mengi. Nyanchoka alichukua magauni mawili, leso na Biblia, akaviweka kitandani. Begi alikuwa nalo moja tu, lile la bluu la siku za mitumba, nalo lilikuwa limejazwa matambara na kuwekwa chini ya goti la Maranga kuinua mguu wake, tangu siku aliyotoka hospitalini.

"Inua," alisema.

Maranga aliacha kutafuna. Walitazamana. Kisha alishika paja lake kwa mikono miwili, akakaza meno, akauinua mguu mwenyewe, akaushikilia hewani huku ukitetemeka, mpaka mkewe alipovuta begi, akamwaga matambara, akakunja blanketi na kuliweka mahali pake.