Mwaka Gari Letu Halikuchemsha

Harufu ya rejeta iliyochemsha haifanani na harufu nyingine. Ina kutu, ina mpira uliopata moto, na ina utamu fulani wa maji yaliyopikwa ndani ya chuma. Mimi nimekua nayo. Baba yangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa na gari dogo la spoti, jekundu, la milango miwili, alilolinunua kwa meneja wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Lilikaa chini mno, hata kuku wa pale nyumbani walitutazama usawa wa macho. Ndilo lililonileta kutoka hospitali nilipozaliwa, na sikuwahi kulionea aibu, hata siku tulizolisukuma zaidi ya tulivyolipanda.

Kila Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kula sikukuu, wenye magari ya kale walikutana Moshi mjini na kupanda pamoja hadi Mkuu, Rombo. Halikuwa shindano la mwendo. Sharti lilikuwa moja tu: ufike bila kuchemsha. Aliyechemsha njiani alikata jani la isale, akalifunga kwenye boneti na kuingia nalo uwanjani kuomba msamaha, kama wazee wetu wanavyofanya mtu anapomkosea mwenzake. Watu walicheka, wakamsamehe, wakamkatia nyama. Baba alikuwa amesamehewa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu, alipoingia tena na isale, kicheko kilimchoma, akasimama mbele ya wote akaapa kwamba akileta isale tena, gari analitoa. Bwana mmoja wa Holili, mpole, mwenye kofia, akajibu papo hapo kwamba yeye atalipokea. Nilikuwa na miaka kumi na nilimchukia bwana yule kwa moyo wangu wote.

Mwaka mzima uliofuata Baba alitafuta ugonjwa. Alibadilisha mkanda wa feni, akabadilisha kizibo cha rejeta, akalaumu jua, akalaumu mlima. Kitu kimoja tu hakukishuku, nacho ni maji. Kwetu maji ya mfongo, ule mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji ya mlimani kwenye migomba, ni fahari ya ukoo. Baba aliamini kabisa kwamba injini yenye homa haina dawa bora kuliko maji baridi ya Kibo, na kila asubuhi aliyachota kwa kopo akayamimina. Wiki mbili kabla ya safari Mama alikuwa uani akichuja maji ya kunywa kwa kitambaa cheupe, akamwona. Akalitazama tope lililobaki kwenye kitambaa, kisha akamtazama mumewe. “Baba Aika, maji ambayo mimi simpi mtoto mpaka niyachuje, wewe unalinywesha gari vivi hivi?” Baba akaliweka kopo chini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku hiyo hiyo waliifungua rejeta, wakailaza chini ya mgomba, wakaisukumia maji kwa mpira kutokea chini. Ikatapika tope jekundu, likafuatwa na mchanga, likafuatwa na kipande cha jani. Mama hakukubali kuacha mpaka maji yalipotoka meupe, halafu akaijaza maji aliyoyachemsha na kuyachuja mwenyewe. Hakuwahi kuendesha gari wala kusoma kitabu cha ufundi; alilijua tope, basi. Nilimwonea fahari kiasi cha kutaka kupanda juu ya paa nitangaze.

Siku ya safari jua lilikuwa la kuchoma. Mama alikaa mbele, mimi nikajibana nyuma katikati ya ndoo mbili za maji yaliyochujwa. Mpaka Himo mshale wa joto ulitulia. Tulipoanza kupanda kuelekea Marangu, nao ukaanza kupanda. Baba akafanya kama kawaida yake: akaufunika kwa kiganja na kuanza kuimba pambio. Mama akakiondoa kile kiganja.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hiyo hita inatoa wapi joto lake?”

“Kwenye injini.”

“Basi iwashe, hilo joto lije huku.”

“Mama Aika, tutaiva humu!”

“Tuive sisi.”

Tukaiva. Hita ilitupulizia miguuni mchana wa Desemba, vioo vyote vikiwa wazi, na jasho likanitoka hata kwenye kope. Lakini mshale ulisita, halafu ukarudi nyuma upana wa kidole. Baba alipunguza mwendo. Wenzetu wakatupita wakipiga honi, na Mama akawapungia mkono. Mwenda pole hajikwai. Tulipofika Mwika tulimkuta mwenyekiti wa klabu yetu ya magari ya kale kando ya barabara, mvuke umemzunguka, anakata isale. Baba alitaka sana kumpigia honi, lakini Mama akamwamuru asimame, tukampa ndoo moja, na baadaye naye akatupita.

Tuliingia Mkuu wa mwisho kabisa. Bwana wa Holili alikuwa amesimama mlangoni mwa uwanja akitungoja. Alifungua boneti, akainama, akatafuta mvuke, akagusa mpira wa rejeta. Kisha akatutazama sisi watatu tulivyolowa. “Mwalimu, hongera,” akasema. “Gari ni zima. Mliochemsha ni nyinyi.” Uwanja mzima ukaangua kicheko, na safari hii Baba alicheka nao, huku analia. Alimshika Mama mkono mbele za watu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwetu, na akamwambia kila aliyekuja kusalimia kwamba fundi ni huyu.

Siku hizi barabara ni nzuri, na gari langu la kazini halichemshi wala halijui kama mimi nipo. Mikutano imekuwa mikubwa. Wengi huyaleta magari yao ya kale juu ya lori, wakayashusha mita chache kutoka uwanjani na kuyafuta vumbi, na yanang’aa kweli, siwanyimi sifa yao. Letu tunalipandisha bado. Mimi ndiye ninayeendesha, Baba yuko nyuma na magoti yake, Mama yuko mbele, macho kwenye mshale. Mwaka jana kijana mmoja kutoka Dar alitukuta uwanjani tunashuka garini tukiwa tumelowa jasho. “Shikamoo bibi. Hii chuma kali! Mmeileta na lori gani?”

Mama alijifuta uso taratibu kwa khanga.

“Marahaba, mjukuu wangu. Kwetu lori hubeba ndizi.”